Diski ya Tatu kutoka Kushoto

Penina Chiwanga ana miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka yote hiyo hajajifunza kunyamaza. Ofisini kwao wanasema ni mkali. Mkali! Mtu akikataa kudanganya anaitwa mkali, na anayedanganya huku anatabasamu anaitwa mstaarabu. Ofisi yenyewe inatunza kumbukumbu za mashamba ya vijiji, iko Dodoma mjini, na jina lake tuliache, maana waliomo wanajijua.

Amezaliwa Makutupora, kwenye zabibu. Mama yake, Hilda, alikuwa kibarua wa kupogoa, na mpaka leo vidole vyake vina makovu ya mkasi. Alimfundisha Penina kazi hiyo akiwa darasa la nne: shika tawi kwanza kwa mkono wa kushoto, lifuate mpaka linapochipukia, ndipo ukate, kwa sababu ukikosea tawi hulirudishi. Penina akasoma, akaenda chuo, akajifunza mambo ya kompyuta, akaajiriwa Dar, na ofisi zilipohamia Dodoma akarudi nyumbani kwao pamoja na meza na viti vya serikali. Ni fundi wa seva. Majirani wakimuuliza Mama Hilda binti yake anafanya kazi gani, hujibu kwamba anatunza kabati, na wala hajakosea sana.

Hapo tuelewane kidogo kabla sijapandwa na hasira. Siku hizi ofisi hainunui kompyuta kubwa kwa kila kazi. Inanunua moja yenye nguvu, ndiyo seva, na ndani yake zinaundwa kompyuta za kufikirika, mashine pepe, kila moja ikifanya kazi kama vile iko peke yake. Kwa akina Penina zilikuwa tisa. Data za zote tisa zilikaa kwenye kabati moja la diski, la zamani, lililopanda na lori kutoka Dar. Ile mashine pepe kubwa kuliko zote waliiita Mashamba, na ndani yake mlikuwa na picha za nyaraka za wakulima zaidi ya laki mbili: nani analima wapi, mpaka wake uko wapi, nani alishuhudia. Kwa wengi karatasi zenyewe zimeliwa na mchwa au zimelowa, kwa hiyo ile picha ndiyo shamba.

Mwaka huu likaletwa kabati jipya, linang'aa, na amri ikatoka: vyote vihamishwe kutoka kabati la zamani kwenda jipya kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa mgeni rasmi anakuja kukata utepe. Turubai limeshaagizwa. Kwaya imeshaagizwa. Data hazijahama, lakini kwaya ipo.

Penina alikuwa ndiyo kwanza amerudi. Mwaka mzima uliopita alikuwa Kondoa, huko Kolo na vijiji vya jirani, anapiga picha nyaraka za wakulima na kuzituma makao makuu. Kabati aliliacha mikononi mwa mkuu wa kitengo, Bwana Pantaleo, mtu wa tai na vikao, ambaye alisema atalisimamia mwenyewe kwa ajili ya usalama. Kwa ajili ya usalama, jamani!

Jumatatu asubuhi Penina alianza kuhamisha. Mashine nane ndogo zilihama bila hata kukohoa. Ya tisa, Mashamba, ikaenda vizuri mpaka asilimia sitini na tatu, ikasimama, ikaandika kwamba imeshindwa na kurudi ilikotoka. Akaanza upya. Sitini na tatu, ikasimama.

"Mtandao huo, dada Penina," alisema Bwana Pantaleo kutoka mlangoni, bila kuingia. Kwa Bwana Pantaleo kila ugonjwa ni mtandao.

Jumanne Penina akabadilisha waya. Akahamishia waya kwenye tundu jingine. Akaizima Mashamba kabisa, akajaribu kuihamisha ikiwa imelala. Sitini na tatu! Hapo akaweka kalamu chini. Mtandao ukiwa mbovu hukwama popote, mara kumi, mara themanini. Huu wao ulikwama palepale mara zote tano. Tatizo halikuwa njiani, lilikuwa kwenye mzigo.

Akafungua kumbukumbu za mashine, akasoma mstari kwa mstari. Kila kipande cha data kinapoandikwa, mashine hukipigia hesabu na kuweka alama yake pembeni. Kinaposomwa, hesabu inarudiwa. Alama zikilingana, data ni ileile iliyowekwa. Zisipolingana, kuna kitu kimeharibika, na mashine inakataa kukihamisha. Inakataa, mnasikia? Chuma kitupu kinakataa kupokea uongo. Na hapo kwenye sitini na tatu palikuwa na vipande ambavyo alama zake hazikulingana. Penina akavifuatilia mpaka mwisho, akapata mafaili arobaini na moja, yote ya wakulima wa Bahi, yote ya majaruba ya mpunga.

Akasema sawa, ndiyo maana tunaweka nakala za akiba. Akaenda kwenye nakala. Kila wiki kwa miezi minane nakala ilikuwa imeandika maneno yaleyale: imekamilika, na maonyo. Akafungua maonyo. Mafaili arobaini na moja, hayasomeki, yamerukwa. Wiki baada ya wiki, na hakuna kiumbe aliyebonyeza kuona ni maonyo gani. Nakala za zamani zaidi, zile zilizokuwa nzima, zilikuwa zimeshafutwa ili kupisha hizi zenye matundu.

Penina aliingia chumba cha seva kwa hasira. Akasimama mbele ya kabati la zamani. Juu, pale penye taa ya tahadhari, mtu alikuwa amebandika kipande cha utepe wa gundi nyeusi, ile ya mafundi umeme. Akakibandua. Taa ilikuwa nyekundu, na ilikuwa nyekundu tangu lini, Mungu ndiye anayejua.

"Ile ilikuwa inapiga kelele," alisema Anitha, msichana wa mapokezi, aliyekuja kuchungulia. "Ukuta huo ni wa ofisi ya bosi. Akasema inamsumbua vikaoni. Akauzima mlio, akaniambia nitafute gundi."

Yaani kifaa kinalia kwamba kinaumwa, na mkubwa anaona tiba ni kukiziba mdomo. Kweli kabisa, hata sizidishi.

Penina akatazama matundu ya diski. Kabati lile huandika kila kitu mara mbili, kwenye diski mbili zilizo jozi, ili moja ikifa nyingine ibaki. Diski zimejipanga mstari mmoja, na kila tundu lina namba yake ndogo kama punje ya ulezi. Tundu moja lilikuwa tupu. Akachukua tochi ya simu, akainama, akasoma. Tundu tupu lilikuwa namba mbili. Akaenda kwenye historia ya kengele: miezi minane iliyopita kabati lilisema diski namba tatu imeanza kufa, itolewe, iwekwe nyingine.

Namba tatu ilikuwa bado iko ndani.

Akarudia kuhesabu, kwa kidole, akigusa kila moja. Sifuri, moja, mbili, tatu. Matundu ya kabati lile yanaanza na sifuri. Bwana Pantaleo alikuja na tai yake, akahesabu kama anavyohesabu viti vya kikao, moja, mbili, tatu, akachomoa ya tatu kutoka kushoto. Akaichomoa diski nzima, jozi ya ile mbovu, akaiacha mbovu yenyewe ndani. Kisha hakuweka nyingine, kwa maana kabati jipya lilikuwa linakuja, ya nini kuhangaika? Kabati likazidi kupiga kelele, na ndipo ilipotafutwa gundi.

Penina akakumbuka mkono wa mama yake kwenye tawi la mzabibu. Mwanamke asiyejua hata kuwasha kompyuta asingefanya kosa hilo.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa kwenye orodha. Faili la kumi na saba: Ruthu Mazengo, majaruba manne, Bahi. Jina hilo alilifahamu. Wiki mbili nyuma, Anitha akiwa ametoka kula, alikuja mama mmoja mtu mzima, amevaa kitenge kilichopauka, ana vumbi la bodaboda mpaka kwenye kope. Mume wake amefariki, na shemeji yake anasema majaruba ni ya ukoo, si ya mjane. Karatasi yake ilichukuliwa na maji mwaka ule Bahi ilipofurika. Baraza la ardhi limempa mpaka Ijumaa hii alete ushahidi. Penina akatafuta, faili likagoma kufunguka, foleni ilikuwa ndefu, na mdomo wake mwenyewe ukasema yale maneno ambayo ofisi nzima inayasema: "Mtandao uko chini, mama. Rudi wiki ijayo."

Alisema hivyo. Yeye, Penina mkali.

Jumatano saa mbili alikuwa mbele ya meza ya Bwana Pantaleo. Akaeleza yote bila kukaa, kasoro jambo moja tu, ni nani aliyehesabu vibaya. Alitaka kuona kama mtu atasema mwenyewe.

Bwana Pantaleo alisikiliza huku akipanga majina ya wageni wa Ijumaa. "Hiyo programu ya kuhamisha ina sehemu ya kuruka makosa, si ndiyo?"

"Ipo."

"Basi weka tiki hapo, tumalize."

"Bosi, nikiweka tiki, mafaili arobaini na moja yanapotea. Kabati la zamani linafutwa wiki ijayo. Hakuna popote yatakapobaki."

"Arobaini na moja kati ya laki mbili, dada Penina! Hicho ni nini? Hata asilimia haifiki. Watakuja kuandikisha upya."

"Waandikishe upya kwa ushahidi gani, kama ushahidi ndio huu?"

"Usinipandishe presha asubuhi. Mgeni rasmi anakuja keshokutwa."

Kuna watu ukiwaambia nyumba ya mtu inaungua, wanauliza kama moshi utaharibu sherehe. Penina akavuta pumzi. "Ile diski uliyoichomoa, iko wapi?"

"Ile mbovu? Nilimpa mzee Obedi."

Wote ofisini wanamcheka mzee Obedi, mtunza stoo. Stoo yake iko nyuma, chini ya bati, na ndani yake mna viti vya mguu mmoja, feni zisizo na mapanga, mashine za chapa, hata kibao cha ofisi cha enzi za Dar. Mali ya umma haitupwi mpaka bodi ya mali chakavu ikae, na bodi haijakaa tangu wahamie. Kwa hiyo mzee Obedi anapokea, anaandika namba kwa rangi nyeupe, anaweka rafu. Vijana wanamwita Makumbusho. Yeye hajali, amebakiza miezi mitano astaafu, na vitabu vyake havina mstari uliokatwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

"Sijaleta. Nimefuata."

Mzee Obedi akashusha miwani. Watu hawafuati vitu kwake. Penina akamweleza, na mzee akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole, akaenda rafu ya chini kabisa, akarudi na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa kamba ya katani. Juu yake tarehe, namba, na maneno: *diski, moja, mbovu, imepokelewa kutoka kwa mkuu wa kitengo*. Penina alitaka kumkumbatia.

"Nipe, mzee."

"Sikupi."

"Mzee Obedi!"

"Tulia. Hii imeingia kama mbovu. Kitu kilichoingia kama mbovu hakitoki kwenda kufanya kazi, labda aliyekileta athibitishe kwa mkono wake kuwa ni kizima. Fomu hii hapa. Asaini yeye." Akasita, akamtazama Penina machoni. Mzee hakuwa mjinga hata kidogo. "Na hapa penye sababu ya kubadilisha hali, aandike kwa maneno kamili. Mimi sipokei fomu yenye kistari."

Penina alirudi kwa Bwana Pantaleo na karatasi mbili. Alimwekea zote mezani, juu ya orodha ya wageni.

"Hii ya kwanza ni fomu ya mzee Obedi. Unaandika kwamba diski uliyoitoa ilikuwa nzima, na iliyobaki ndiyo mbovu, kwa sababu matundu yanahesabiwa kuanzia sifuri. Hii ya pili nimeiandika mimi. Inasema wewe, mkuu wa kitengo, umeniagiza kuruka mafaili arobaini na moja, na majina ya wenyewe haya hapa chini, yote. Saini moja. Unayoitaka."

Bwana Pantaleo akacheka, akaona anacheka peke yake. "Unanitisha?"

"Nakuomba saini."

"Unajua naweza kukuandikia barua ya kujieleza?"

"Niandikie, bosi. Nitajieleza vizuri sana. Na fomu hizi nitaziambatanisha."

Alitazama karatasi ya pili muda mrefu, akishuka na majina mpaka chini. Sijui kama aliwaona watu ama aliliona jina lake tu pale juu. Mimi nadhani ni jina lake. Akavuta ile ya kwanza, akaandika maneno matatu, *nilihesabu vibaya matundu*, akasaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa.

Mzee Obedi akaisoma fomu kwa sauti, taratibu, kama anasoma tangazo la ndoa kanisani, akaigonga muhuri, akakata kamba ya katani.

Diski ilikuwa na vumbi. Penina aliifuta, akaichomeka kwenye mashine ya pembeni kwa namna ya kusomwa tu, isiandikwe hata herufi moja juu yake. Mara ya kwanza haikuonekana. Akaichomoa, akasafisha meno yake ya kuchomekea, akarudisha. Ikanguruma. Mafaili yale hayakuwa yameguswa na mtu tangu yaandikwe, kwa hiyo yaliyokuwa kwenye diski hii yalitakiwa kuwa yaleyale. Lakini hakuamini kwa macho. Alitoa kipande kimoja kimoja, akakipigia hesabu, akakilinganisha na alama iliyowekwa siku kilipozaliwa. Kinalingana. Kinalingana. Kinalingana. Vipande vya mafaili mawili viligoma, akampigia simu mtendaji wa kijiji chao, ikawa bahati karatasi zenyewe zipo, zikapigwa picha upya. Thelathini na tisa yaliyobaki yalikuwa salama, na la kumi na saba lilikuwa miongoni mwayo.

Alhamisi asubuhi alirudisha vipande vizima mahali pa vilivyooza, akaanza kuhamisha tena. Sitini na mbili. Sitini na tatu. Akasimama, hakuweza kukaa. Sitini na nne. Akapiga kofi moja chumbani humo peke yake. Saa tano kasoro ikafika mia.

Ya Ijumaa niyaseme sasa hivi yaniishe. Utepe ulikatwa. Kwaya iliimba. Bwana Pantaleo alipewa cheti cha pongezi kwa kuongoza uhamishaji bila kupoteza hata faili moja, na alikipokea, na alishukuru kwa kirefu. Penina alikuwa amesimama nyuma, karibu na mzee Obedi, na cheti hicho hakikumkosesha usingizi. Barua ya kujieleza hakuandikiwa.

Lakini Alhamisi hiyo, saa tano na robo, alikuwa anatoka chumba cha seva aliposikia sauti ya Anitha mapokezi, laini, ya mazoea: "Mtandao uko chini, mama. Ungerudi wiki ijayo."

"Nani kasema uko chini?" Penina alifoka mpaka watu wa foleni wakageuka. "Anitha, umeangalia? Umebonyeza hata kitufe kimoja?"

Anitha hakuwa ameangalia. Ilikuwa inamtoka yenyewe, kama salamu.

Upande wa pili wa kaunta alikuwa Mama Ruthu, na kitenge chake kilekile.

"Mbukwenyi, mama," Penina alimsalimu kwa Kigogo, na sauti ikamshuka.

"Mbukwa, mwanangu."

Alimwingiza ndani, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akafungua faili la kumi na saba. Likafunguka mara moja. Printa ikatoa kurasa tatu za moto. Kwenye ya kwanza palikuwa na mchoro wa majaruba manne na mfereji. Kwenye ya pili, alama mbili za dole gumba, la mume na la mke. Mama Ruthu aliweka kidole chake juu ya dole la marehemu, akakiacha hapo. Kwenye ya tatu palikuwa na jina la shahidi wa mpaka na saini yake: Joshua Mazengo.

"Huyu Joshua ni nani, mama?"

"Ndiye huyo shemeji."

Penina alilisoma tena jina. "Yeye mwenyewe ndiye aliyeshuhudia kwamba ni yenu?"

"Alisimama hapo penye mfereji, akashika kamba ya kupimia. Anakumbuka vizuri kuliko mimi. Kila niliporudi kutoka hapa mikono mitupu, alikuwa ananiuliza habari za mjini huku anacheka." Akazikunja karatasi, akazifunga ndani ya kanga, akaifunga kanga kiunoni, akavuta fundo mara mbili. "Kesho hatacheka."

Akasimama kuondoka. Penina hakuweza kumwacha aende hivyo.

"Mama. Ile siku ulipokuja nikakwambia mtandao uko chini. Haukuwa chini. Faili lako lilikuwa limeharibika kwa uzembe wetu, na sisi tulikuwa tunakudanganya. Mimi nilikudanganya."

Mama Ruthu alimtazama bila kushangaa.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Nimekuja hapa mara sita, na kila nilipomkuta yule binti alikuwa anachati kwenye kompyuta ya ofisi. Lakini ningekuwa na pengine pa kwenda, ningekuja kwenu?"